Sura ya Nne: Jiwe, Mizani na Mgeni

Kama kuna sura ya Biblia inayowajua watu wa Kambove, ni Ayubu 28. Aliyeiandika aliyafahamu machimbo. Anamweleza mtu anayechimba shimo mbali na makazi, mahali pasipofikiwa na nyayo za wapita njia, naye anabembea huko chini peke yake. Anataja shaba inayoyeyushwa kutoka kwenye jiwe. Anasema binadamu hupeleka taa mpaka giza linapokomea, na hupindua milima kuanzia mashinani. Baada ya kumsifu mchimbaji hivyo ndipo anauliza hekima inachimbwa wapi, kwa kuwa si baharini wala kuzimu ilikoonekana, na dhahabu haiinunui. Jibu lake ni kwamba hekima ni kumcha Mungu, na ufahamu ni kujitenga na uovu.

Wengi tunalipenda jibu hilo kwa sababu tunalisikia kama jambo la ndani, la mtu na Mungu wake, la Jumapili asubuhi. Lakini Biblia haimwachi msomaji ajitungie mwenyewe maana ya kujitenga na uovu. Katika Walawi 19 inaingia kazini kwake, inafungua mfuko wake wa mawe ya kupimia, inauliza kibarua wake amelipwa saa ngapi na mgeni wa mtaa wake analala wapi. Sura hii nzima nitaisoma kwa macho ya Kambove, kwa kuwa sijui mahali panapoihitaji zaidi.

Kambove iko kaskazini-magharibi ya Likasi, katika Haut-Katanga, juu ya ukanda wa shaba unaotoka Zambia kwenda Kolwezi. Kabla Mzungu yeyote hajafika, watu wa nchi hii walichimba malakiti, lile jiwe la kijani, wakaliyeyusha kwa makaa na kumimina shaba katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa fedha: ilinunua vitu, ililipa mahari, ilizikwa pamoja na wafu. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906, na reli ikafika Kambove 1913. Katika muongo huohuo John Springer na mkewe Helen, wamisionari Wamethodisti kutoka Marekani, walikuwa na kituo chao hapa. Kwa hiyo Biblia na kampuni viliingia Kambove karibu kwa wakati mmoja, na tangu hapo vimeishi pua na mdomo. Mtoto wa hapa alijifunza amri kumi na king'ora cha zamu katika umri uleule.

Tuanze na mshahara, maana Walawi 19:13 inautaja wazi: ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Usiku mmoja tu! Sheria hiyo inajua kwamba mtu aliyefanya kazi leo anakula leo, na kwamba kwa mwenye mali kuchelewa ni usumbufu mdogo, ila kwa mwenye watoto ni sufuria tupu. Sasa iweke karibu na historia ya Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, Kolwezi, uliporomoka. Ikafuata misukosuko ya siasa, uporaji na uchakavu, na kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama tani 30,000. Ukaja wakati ambapo wafanyakazi walikaa miezi kwa miezi bila mshahara, wakiamka asubuhi na kwenda kazini hivyohivyo. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya watu 10,000 walipewa kiinua mgongo na kuondoka katika mpango ulioitwa wa hiari. Wengi walikuwa wametumikia maisha yao yote.

Kampuni ile haikuwa mwajiri tu. Hospitali ilikuwa yake, shule zilikuwa zake, nyumba, unga wa bukari, hata bendi ya muziki. Baba wa familia alipokosa mshahara, mke alishika jembe au akaenda barabarani kuuza makaa, na kijana akaingia shimoni. Ninayasema haya kabla ya kumgusa mchimbaji au mnunuzi yeyote, kwa sababu mahubiri juu ya fadhila yanapoanza kwa kijana aliyeiba jiwe yanakuwa yamemruka mtu wa kwanza aliyelala na ujira wa mwenzake. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unasema ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hizo humfikia Mungu. Uaminifu kwa mujibu wa Biblia unaanzia kwa aliyeshika fungu.

Na sasa mizani. Hapa nataka tukae.

Chukua gunia moja la heterojeniti, lile jiwe jeusi lenye kobalti. Limetoka shimoni kwa kamba, limeoshwa na kina mama na vijana, limefika depo kwa baiskeli au pikipiki. Linawekwa kwenye mizani. Kisha mnunuzi anachota kiasi na kukielekezea kifaa cha mkononi ambacho wachimbaji wa Katanga wanakiita metorex. Kinapiga miale ya eksirei juu ya jiwe, na baada ya sekunde chache kinaandika asilimia ya madini. Ukutani kuna ubao wa bei, kila asilimia na bei yake kwa kilo. Mchimbaji hana kifaa cha namna hiyo. Anaangalia tu.

Miale hiyo inasoma ngozi ya juu ya jiwe, haizami ndani. Kipande kilicholowa husomeka chini. Sampuli isiposagwa na kuchanganywa vizuri, upande mmoja wa kiganja unaweza kutoa namba moja na upande wa pili namba nyingine. Kwa hiyo aliyeshika kifaa hahitaji kukiharibu ili adanganye. Anachagua tu pa kukielekeza. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, gunia lina kilo 50, na ubao unatoa faranga 1,600 kwa kilo penye asilimia 3 na faranga 1,000 penye asilimia 2. Halali yake ni faranga 80,000. Kifaa kikisoma 2 badala ya 3, na mizani ikila kilo 5, mchimbaji anapokea 45,000. Fedha hiyo bado haijagawanywa kati ya wenzake wa shimoni, wasafirishaji, na wale wote waliosimama njiani wakidai chochote. Akisema, "Papa, pima tena," anaambiwa mashine haidanganyi.

Kumbukumbu la Torati 25 inakataza kuwa na mawe mawili mfukoni, kubwa na dogo: moja la kununulia na moja la kuuzia. Amosi, katika sura ya 8, anawaona wafanyabiashara wanaosubiri Sabato iishe ili wapunguze kipimo, waongeze bei na kuinamisha mizani. Watu hao hawafanyi biashara siku ya Sabato. Wameishika siku ya Bwana barabara, wamekaa kimya wakipiga hesabu, na nabii anawaambia kwamba Mungu hatasahau hata tendo moja kati ya hayo. Ningependa kila mhubiri wa Kambove na Likasi aisome sura hiyo mbele ya wanunuzi wa madini waliokaa viti vya mbele, asome taratibu, kisha aketi.

Mchimbaji naye ana mikono yake. Gunia linaweza kujazwa mawe mazuri juu na udongo katikati. Linaweza kulowanishwa likaongeza uzito. Mithali 20 inamkuta mnunuzi anayeiponda bidhaa mbele ya muuzaji halafu anaondoka akijisifu. Muuzaji anayesifia kifusi ni ndugu yake wa damu. Kila mmoja ana hoja iliyo tayari: ninaibiwa, kwa hiyo naiba. Nimeisikia hoja hii ikitetewa kwa hasira ya haki, na sidharau hasira hiyo. Lakini wanaoumia kwa mazoea haya ni wale wasio na pa kumwibia mtu mwingine: mama anayeosha mawe kwa malipo ya siku, mtoto anayeokota mabaki, kijana mgeni aliyefika juzi.

Dawa ya jambo hili si mioyo mizuri peke yake. Sheria ya Musa haikusema "wawe na nia njema". Ilisema kuwe na mawe ya haki, pishi ya haki, kitu kinachoshikika, ambacho jirani anaweza kukijaribu. Sheria ya madini ya Kongo ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inataka wachimbaji wa mikono wajiunge katika ushirika na wafanye kazi katika maeneo waliyotengewa. Ushirika wenye mizani yake na kifaa chake cha kupimia, ukapima gunia kabla halijaenda depo, unatimiza Walawi 19:36 kuliko mikesha kumi ya kuombea biashara. Na kanisa lenye uwezo wa kununua vipaza sauti lina uwezo wa kununua mizani. Iwekwe uani, bure, mtu apime kwanza ndipo aende kuuza.

Katanga imewahi kujaribu kuishi fadhila za Biblia kwa ukamilifu, si kwa vipande. Mwaka 1953 padri Mfransisko Placide Tempels, Mbelgiji ambaye kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilikuwa kimetoka 1945, alikuwa Kolwezi kati ya wafanyakazi wa Union Minière, na pale ikazaliwa harakati iliyoitwa Jamaa. Kambi za kampuni zilikuwa mahali ambapo kila kitu kilipimwa: posho ya familia, vyumba, siku za ugonjwa, idadi ya watoto. Jamaa ikawaita mume na mke pamoja, ikawataka wafanye jambo lisilo na daftari. Wafunguliane moyo. Waambiane mawazo yao yaliyofichika, wapendane kama Biblia isemavyo, kisha wawazae wengine katika upendo huo, wanandoa kwa wanandoa. Walifundishana kwa Kiswahili cha migodini, na maneno matatu yaliyobeba mafundisho yao yalikuwa uzima, uzazi na mapendo. Mluba, Mlunda, mtu wa Kasai na mwenyeji wa Katanga waliketi chumba kimoja, wakaitana baba na mama.

Baadaye yakaja matatizo. Baadhi ya vikundi vilikwenda njia zao, maaskofu wakashtuka, na miaka ya 1970 Jamaa ikabanwa. Hiyo ni habari ndefu na siihukumu hapa. Ninalolishika ni hili: kwao fadhila haikuwa mali ya mtu mmoja anayejichunguza. Mtu hakuweza kusema ana mapendo kama mke wake alikuwa hajui mawazo yake. Fundi wa mgodi aliyezoea kupewa amri na Mzungu mchana, kisha kumpa mke amri jioni, alitakiwa aache hiyo ya pili. Ninaamini lile lilikuwa badiliko kubwa kuliko mengi yaliyoandikwa katika vitabu vya historia ya Katanga.

Kambi hizohizo ndizo zilizowaka miaka arobaini baadaye. Wakasai walikuwa wameletwa Katanga kwa kazi ya migodi na reli tangu enzi za Wabelgiji. Wengi wa watoto na wajukuu wao hawakujua nyumbani kwingine. Agosti 1992, baada ya Mkutano Mkuu wa Kitaifa jijini Kinshasa kumchagua Étienne Tshisekedi, Mkasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguza Karl-i-Bond, mtu wa Katanga, vijana wa chama cha UFERI waliwavamia majirani zao Likasi. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kolwezi. Majukwaani Wakasai walikuwa wameshaitwa bilulu, wadudu. Maelfu kwa maelfu walikimbilia stesheni ya Likasi, wakalala kwenye majukwaa ya reli, madarasani na chini ya maturubai wakisubiri treni za kuwapeleka Kasai, na treni zilikuwa chache. Watoto walikufa kwa surua na kuhara wakisubiri. Waliolazimishwa kuondoka Katanga kabla haijatulia walifika mamia ya maelfu.

Waliofanya hivyo hawakutoka sayari nyingine. Walibatizwa. Wengine walikuwa wamekaa benchi moja kanisani na wale waliowafukuza, wamepokea ekaristi kutoka kwenye mkono uleule.

Paulo anapoyahesabu matendo ya mwili katika Wagalatia 5, anayataja 15. Kanisani kwetu tunakumbuka zaidi uasherati na ulevi, na kweli yamo. Lakini soma tena orodha: zaidi ya nusu ni mambo ya watu kwa watu, uadui, wivu, hasira, fitina, faraka, husuda na wenzao. Orodha ile imelemea upande wa ulimi na jirani. Mkristo wa Likasi mwaka 1992 aliweza kuwa na mke mmoja, asionje pombe, atoe zaka, na bado ashangilie jirani anapobebeshwa godoro lake kichwani kwenda stesheni. Angejiona yu salama. Paulo asingemwona hivyo, na tunda la Roho lenye sehemu 9 analoliweka upande wa pili, likianza na upendo, furaha na amani, lingekuwa halijachipua hata jani.

Turudi Walawi 19. Mstari wa 34 unaamuru mgeni apendwe kama nafsi, kwa kuwa Waisraeli nao walikuwa wageni Misri. Unaofuata mara moja, wa 35, ndio unaoanza habari ya mizani. Haukuwekwa ukurasa mwingine. Aliyeandika aliona kwamba mkono unaoinamisha mizani na mkono unaomsukuma mgeni ni mkono mmoja. Mtu aliyefukuzwa mwaka 1992 alikuwa na nyumba, na nyumba nyingi ziliuzwa kwa bei ya kutupa au zikaingiwa tu. Mwenye kununua nyumba ya vyumba vitatu kwa thamani ya redio kwa sababu muuzaji anawahi treni, huyo ameinamisha mizani.

Wapo waliokataa kuinamisha. Kongo ya mashariki imetupa mmoja ambaye Kanisa Katoliki limemtangaza mwenye heri. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akasomea sheria, akawa mwanajumuiya wa Sant'Egidio na kuwafundisha watoto wa mitaani. Alipata kazi katika Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, OCC, mpakani, akiwa na wajibu wa kukagua bidhaa zilizoharibika. Ikaletwa shehena ya chakula kibovu. Akapewa fedha ili ipite, akakataa, akasukumwa, akakataa. Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa, akiwa na miaka 26. Februari 2023 Papa Fransisko aliwasimulia vijana habari zake katika uwanja wa Martyrs, Kinshasa, akizungumzia uaminifu, na tarehe 15 Juni 2025 Floribert alitangazwa mwenye heri huko Roma.

Mwanzoni kazi yake ilikuwa ndogo kabisa: saini na mhuri. Hakuhubiri, hakuandamana. Alikuwa na kipimo mkononi, kama mnunuzi wa depo alivyo na chake, na watu asiowajua wangekula kile ambacho angekipitisha. Ndiyo maana naona mfano wake unawafaa watu wa Kambove kuliko mifano ya watakatifu waliokimbilia jangwani. Hapa hakuna jangwa la kukimbilia. Kuna mzani wa magari, depo, kizuizi cha barabara, ofisi ya vibali.

Nipite haraka juu ya mashimo, ingawa yanastahili sura yao. Kutoka 21 inasema mtu akichimba shimo asilifunike, na ng'ombe au punda akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Kwa ajili ya punda! Shinkolobwe, mgodi uliotoa urani ya bomu la Hiroshima, uko katika nchi hii ya Kambove. Ulifungwa rasmi kabla ya uhuru, ukarudiwa na wachimbaji wa mikono waliofuata kobalti. Januari 2004 amri ya rais ilikataza uchimbaji pale. Julai mwaka huohuo sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua watu wasiopungua 8. Amri ilikuwepo. Shimo lilikuwa wazi.

Kinachobaki ni neno ambalo katika mikutano ya toba silisikii mara nyingi: kurudisha. Zakayo wa Yeriko, mkuu wa watoza ushuru, hakuambiwa na Yesu alipe chochote. Alisimama mwenyewe, akatangaza nusu ya mali yake kwa maskini na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Mara nne ndiyo hesabu ya Kutoka 22 kwa kondoo aliyeibwa. Alikuwa anaijua sheria siku zote alizokuwa akiivunja. Na ili alipe mara nne ilimlazimu akumbuke majina na viwango: fulani nilimzidishia hivi, mjane yule hivi. Toba yake ilihitaji daftari.

Katika Haut-Katanga na Lualaba bado kuna nyumba zenye wenyewe walioko Mwene-Ditu, Mbuji-Mayi na Kananga, au watoto wao. Baadhi ya waliofukuzwa wamerudi, wanapita mbele ya milango yao ya zamani wakielekea sokoni. Anayeishi humo leo huenda alinunua kwa nia njema kutoka kwa mtu wa tatu, na mambo hayo hayamalizwi kwa ghadhabu. Lakini parokia zina vitabu vya ubatizo vya miaka ya 1980, na makanisa ya Kiprotestanti yana madaftari ya washirika. Majina ya familia zilizoondoka yamo. Wazee wa kanisa wakiketi na vitabu hivyo jioni moja, wakasoma jina baada ya jina, wakauliza huyu alikaa mtaa gani na nyumba yake anayo nani sasa, watakuwa wameanza kazi ambayo miaka zaidi ya thelathini imewangoja. Kisha waende wakabishe hodi, kwanza kwa washirika wao wenyewe.